Mtu Niliyemkatia Upepo

Medali walinivisha, kisha wakaja kuivua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma mpaka leo, na kwa sababu watu ninaowasimulia habari hii hukimbilia kuniuliza mambo ya bahari: niliogopa au sikuogopa, maji yana chumvi kiasi gani, nilimeza au sikumeza. Bahari haikunifanya kitu. Bahari niliimaliza, baiskeli nikaimaliza, mbio nikazimaliza, nikavuka mstari wa mwisho bado nikikimbia. Msichana mmoja mwenye fulana ya waandaaji akanivisha shingoni utepe wa bluu wenye medali, akasema, "Hongera, anko." Chupa ya maji niliyopewa ilikuwa haijafika nusu msichana yule yule aliporudi kuidai medali.

Mtu mwingine angecheka na kwenda zake. Ni kipande cha bati tu, kimepakwa rangi ya dhahabu. Lakini mtu mwingine hakulelewa na mama yangu.

Mama yangu analima ulezi na mahindi kijijini kwetu, juu ya uwanda wa Ufipa, si mbali sana na Sumbawanga mjini ukiwa na baiskeli nzima. Mimi ni mtoto wake wa pili, nimepita miaka arobaini, na kwa hesabu zake kitu cha mwisho nilichokimaliza ni kidato cha nne. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuanza. Mbeya nilianza kujifunza udereva, nikaondoka kabla ya leseni. Mpanda nilifyatua matofali, nikapanga tanuru, kisha nikasikia habari za Kigoma na tanuru likabaki halijawashwa. Tunduma nilifungua kibanda cha vipuri vya baiskeli, kikafungwa na mvua moja. Nyuma ya nyumba ya mama kuna msingi wa nyumba yangu mwenyewe, mawe mazuri, umekaa miaka mingi bila ukuta. Mbuzi wa mama hulala humo. Kila nikirudi nyumbani hunionyesha kwa kidevu: "Nyumba yako ina wapangaji."

Sijui kwa nini niko hivyo. Nikiwa mbali naikumbuka Ufipa mpaka naweza kunusa moshi wa majani ya mikaratusi. Nikifika Ufipa, siku chache tu, miguu inawasha. Mama ana neno moja kwa yote hayo. "Wewe ni wa kuanza," husema. "Kumaliza wanamaliza wenzako."

Mwaka huo nilikuwa Dar es Salaam, napaka rangi nyumba za watu, nimefikia kwa mtoto wa mama yangu mdogo. Yeye ndiye aliyeona tangazo kwenye simu. Mashindano ya triathloni: unaogelea baharini, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, yote asubuhi moja, bila kupumzika.

"Hii ni yako kabisa," akaniambia. "Haya yote matatu umeyafanya maisha yako yote kwa shida. Sasa yafanye kwa raha."

"Mimi mzee sasa."

"Kuna kundi la wazee. Tatizo ni moja tu, ukiandika umetoka Sumbawanga watasema usishindane kwa ungo."

Utani huo tumeuzoea. Ukitaja kwetu, mtu wa pwani anakumbuka sifa za uchawi, anacheka, anasema usinipige radi, kaka. Kwa kawaida nacheka naye. Safari hii niliamua kujiandikisha, na mahali walipouliza ninatoka wapi niliandika Sumbawanga kwa herufi kubwa.

Nikampigia mama. Nikamweleza polepole, maana triathloni hata mimi ilinishinda kuitamka.

"Na hayo yote unafanya kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu, mama. Ukimaliza unapewa medali."

"Ukimaliza."

"Ndiyo, ukimaliza."

"Hii utaimaliza?"

"Hii nitaimaliza."

"Maana nikiwaambia watu nimeshawaambia."

"Waambie."

Akawaambia. Alisimama kwenye jumuiya yao, zile familia jirani zinazokutana Jumamosi asubuhi kusali nyumba hadi nyumba, akasema mwanangu anashindana Dar es Salaam na atarudi na medali. Baadaye alinipigia simu. "Tumekuombea miguu. Mwenyekiti alitaka tuombee na mapafu, nikamwambia mapafu ni ya Ufipa, hayana shida." Alicheka, lakini sauti yake niliijua. Mama yangu alikuwa ameweka heshima yake mbele ya watu kwa ajili yangu. Kwa hiyo ile medali haikuwa bati.

Sasa lazima niseme habari za upepo, kwa sababu bila upepo hakuna kisa.

Nilipotoka shule nilifanya kazi ya kupandisha samaki kutoka Muze. Muze iko chini, upande wa Ziwa Rukwa, joto kali; Sumbawanga iko juu, baridi. Katikati kuna ukuta wa mlima. Tulishuka na mahindi, tukapanda na samaki wakavu, magunia mawili nyuma ya baiskeli, na mlimani hakuna anayeendesha. Unasukuma, kifua kwenye gunia, mguu kwa mguu. Ukifika juu unadhani umepona. Hapo ndipo upepo unapokupokea.

Wakati wa kiangazi upepo wa Ufipa hauna adabu. Hakuna msitu wa kuuzuia, ni nyasi na mashamba yaliyovunwa mpaka macho yanapoishia. Unavuma usoni mchana kutwa, baridi, na gunia lako linageuka tanga. Mtu mmoja peke yake hafiki mjini kwa nguvu zake. Akifika, amefika mgonjwa. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Tulipanga mstari, tairi karibu na tairi. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumua mgongoni kwake. Akichoka, anajitoa pembeni, anarudi mkiani, wa pili anashika. Hakuna aliyepiga filimbi wala kuhesabu. Na ukimkuta mtu barabarani yuko peke yake, hata kama humjui, hata kama amekuzidi bei sokoni wiki iliyopita, humpiti. Unamwita: "Ingia mgongoni!" Kumpita mtu kimya kwenye upepo ule ilikuwa kama kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha.

Ila desturi ilikuwa na upande wa pili. Uliyekatiwa upepo lazima ushike mbele kabla ya kufika mjini. Ukiwa hoi, shika kidogo. Shika hata hadi daraja. Kuna daraja dogo njia ile, si mbali, na hata mtu mwenye homa alishika hadi darajani kisha akarudi nyuma bila aibu. Lakini aliyekaa mgongoni mwa wenzake safari nzima na kuingia mjini amekauka jasho, huyo tulimwita kupe, na jina hilo lilimfuata mpaka harusini kwake.

Nimeeleza hayo kirefu kwa makusudi. Nataka ieleweke kwamba nilichofanya Dar es Salaam sikukifanya kwa ujanja. Nilikifanya kwa malezi.

Siku moja kabla ya mashindano tulikusanywa kwenye ukumbi wa hoteli kuelezwa kanuni. Watu wa nchi nyingi, miguu imenyolewa, baiskeli za bei ya gari. Baiskeli yangu ilikuwa ya mtumba, ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo, niliyoinunua enzi za Tunduma. Msemaji alikuwa mtu wa hapa hapa kwetu, sura na lafudhi vilimsema, lakini aliongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na alikiongea mbio, kama mtu anayefukuzwa. Kiingereza cha kidato cha nne ninacho. Ukinipa karatasi na muda, nasoma. Ila kile kilinipita kama mabasi ya Mbeya. Nilishika habari za kofia ngumu, habari za kukaa kushoto, na habari za namba kuandikwa mkononi.

Nilinyoosha mkono. "Samahani, unaweza kurudia kwa Kiswahili, hata kwa ufupi?"

Watu wakageuka. Msemaji akatabasamu, akasema kuna wahudumu watatusaidia pembeni. Pembeni nikamkuta mhudumu mwenye fulana mpya.

"Bro, hamna jipya," akaniambia. "Vaa helmeti, kaa kushoto, maliza. Poa?"

"Hivyo tu? Ameongea nusu saa."

"Wazungu wanapenda maneno. Wewe kanyaga tu."

Nikaondoka nimetulia. Leo nikikumbuka utulivu ule nasikia hamu ya kujipiga kofi.

Asubuhi tuliingia baharini. Kuogelea nilijifunza ukubwani, Kirando, nilipokwenda kubeba dagaa. Watu wa ziwani walinicheka, wakasema Mfipa wa juu akianguka majini huzama kama jiwe la kusagia. Nilijifunza kwa hasira ile. Bahari ilinirusharusha, nikanywa kidogo, nikatapika kidogo, nikatoka. Siyo wa kwanza, siyo wa mwisho. Ndugu yangu alikuwa ufukweni anaruka kama ndiye aliyeogelea: "Sumbawanga! Sumbawanga hoyee!" Mtu mmoja karibu yake akasema kwa sauti, "Huyo kaja kwa ungo huyo." Nikapanda baiskeli huku nacheka.

Barabara ilikuwa imefungwa magari yasipite. Tulizunguka, tunakwenda na kurudi kando ya bahari. Wakati wa kwenda upepo ulikuwa mgongoni. Tulipogeuza, ukaja usoni, wa joto na wenye mchanga, lakini upepo. Nikainama, nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani.

Mbele yangu nikamwona mzee mmoja, mvi zimejaa chini ya kofia yake ngumu, baiskeli yake nyeusi inang'aa, lakini yeye anayumba. Yuko peke yake. Watu wanampita kimya, mmoja mmoja, kila mtu na upepo wake. Niliona haya kwa niaba yao.

"Shikamoo, mzee!"

Alishtuka. "Marahaba."

"Upepo mbaya. Ingia mgongoni!"

Akanitazama, akatazama nyuma, kisha akaingia. Nilisikia tairi lake likisogea karibu, nikajua anajua anachofanya; mgeni wa jambo hilo huogopa, hukaa mbali. Yeye alikaa pale pale upepo unapokatika. Tukaenda. Nilipunguza mwendo ili asiachwe. Hilo nalo naomba likumbukwe: nilipunguza.

Tulipokwenda kiasi cha kutosha nikajitoa pembeni, nikampa ishara ya mkono. "Mzee, shika mbele kidogo."

"Nimechoka, kijana," akasema. "Wewe endelea tu."

Nikaendelea. Nikajiambia ni mtu mzima, atashika mbele huko.

Ndipo pikipiki ikatufikia ubavuni. Nyuma ya dereva alikaa mtu mwenye filimbi. Akapuliza, akatuonyesha kadi ya bluu, akanisonta mimi, akamsonta mzee, akasema kitu ambacho upepo uliondoka nacho. Kwetu mtu wa barabarani akikupulizia filimbi maana yake ni moja: sogea pembeni. Nikasogea kushoto kabisa, matairi kwenye ukingo wa lami. Pikipiki ikaondoka. Nikaona kama nimetii.

Nikageuza shingo. "Mzee, amesema nini yule?"

Naye akanijibu, nayakumbuka maneno yake yalivyotulia: "Twende tu."

Twende tu. Nikaenda tu.

Karibu na mahali pa kugeuzia kulikuwa na hema jeupe, lina viti viwili vitatu. Tulipolifikia, mzee akatoka mgongoni kwangu bila neno, akaenda akasimama pale hemani. Mimi nikadhani nguvu zimemwishia, anataka maji. Nikamwonea huruma. Nikapiga kelele nikiwa napita, tena kwa moyo wangu wote, "Usikate tamaa, mzee! Pumzika uje!"

Watu wa hemani walinitazama sana. Mmoja alinyanyua mkono. Na mimi nikampungia.

Sasa niwaambie nilichokuwa sikijui. Kanuni ya mashindano yale ilikataza kukaa karibu na mgongo wa mwenzako, na ilikataza pia kumkatia mwenzako upepo kwa makusudi. Kila mtu apigane na upepo wake mwenyewe, baiskeli na baiskeli ziachane mbali. Ukikamatwa unaonyeshwa kadi, unakwenda hemani, unasimama kama mwanafunzi aliyechelewa, kisha unaruhusiwa kuendelea. Usiposimama, umejitoa mashindanoni. Mimi sikusimama. Nilishuka kwenye baiskeli, nikakimbia kwenye jua la Dar es Salaam ambalo mapafu ya Ufipa hayakulitarajia, nikamkumbuka mwenyekiti wa jumuiya aliyetaka kuyaombea, nikakimbia kilomita zote zile nikiwa nimeshatolewa, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Wahudumu walinipa maji. Walinipigia makofi. Walimpigia makofi mtu ambaye hayupo.

Kisha mstari, kisha utepe wa bluu, kisha msichana.

"Samahani, anko," akasema, hanitazami. "Naomba medali."

"Ipi?"

"Hiyo."

"Si umenivisha wewe mwenyewe sasa hivi?"

"Nimeambiwa namba yako haimo. Samahani sana, anko, mimi nimetumwa."

Ningeweza kukataa. Nafikiri yule binti angekimbia akilia. Niliinamisha kichwa akaivua yeye, utepe ukanasa sikioni, akawa anahangaika kuunasua. Watu walikuwa wanapiga picha pembeni yetu.

Nilikwenda kwenye meza ya waamuzi nikiwa bado na chumvi mwilini. Aliyekaa hapo alikuwa msemaji wa jana yake. Sasa alikuwa na Kiswahili kizuri kabisa.

"Kanuni ni kanuni, kaka. Ulionyeshwa kadi. Hukusimama."

"Sikujua kadi ni ya nini."

"Tulieleza jana."

"Mlieleza kwa Kiingereza. Nilinyoosha mkono mbele ya watu wote nikaomba Kiswahili. Wewe ndiye uliyenicheka."

"Sikucheka. Haya ni mashindano ya kimataifa."

"Na bahari ile ni ya wapi? Barabara ni ya wapi? Wewe ni wa wapi?"

"Kaka, usipandishe sauti."

"Nilipopita pale hemani niliwapungia mkono! Mtu anayekimbia adhabu anapunga mkono?"

Mtu wa pembeni yake akacheka kwa pua. Mwamuzi hakucheka. Akasema anaelewa, akasema pole, akasema mwakani nihudhurie maelezo kwa makini. Kwa makini! Mimi niliyekaa mpaka mwisho, wakati wenzangu wenye lugha yao walikuwa wanachezea simu.

Nikaenda kumtafuta mzee. Nilimkuta kivulini, medali shingoni, anakula ndizi. Aliponiona akanikaribisha kwa furaha.

"Kijana wangu! Umenisaidia sana leo. Bila wewe nisingefika."

"Wameninyima medali."

"Eh! Kwa nini?"

"Sikusimama hemani."

Akaacha kutafuna. "Lo. Nilidhani unajua kanuni."

"Ulipokuwa mgongoni kwangu wewe ulikuwa unazijua?"

"Sasa, hayo mambo kila mtu anafanya kidogo wasipoona."

"Na kadi ilipotoka, ulijua tunatakiwa kusimama?"

"Nilijua. Nilidhani na wewe unajua. Ungeuliza tu, ningekwambia."

"Nilikuuliza."

Nilimwona akikumbuka. Mtu akikumbuka uso hubadilika, na wake ulibadilika, kisha akautengeneza upya.

"Jamani, ni mchezo tu huu," akasema. "Njoo nikununulie soda."

Sikutaka soda. Nilitaka aseme "uliniuliza." Neno moja tu. Sikulipata, na mpaka leo nikiwa juu ya ngazi napaka ukuta wa mtu, brashi ikienda na kurudi, namjibu yule mzee majibu mapya. Ni mazuri sana. Yamechelewa.

Ndugu yangu alijaribu kunituliza jioni. Akasema nimwambie mama medali iliibwa kwenye basi. Akasema hata mjini kuna fundi anayechonga vikombe na medali, nachagua ninayoitaka. Nilimkasirikia na yeye. Kitu nilichokimaliza kwa miguu yangu nikachonge uthibitisho wake kwa fundi?

Nilipanda basi kwenda nyumbani. Njia nzima nilifikiria jinsi ya kuanza. Nilipofika, mama alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Hakuniuliza medali; aliangalia shingo yangu, kisha mfuko wa begi langu, akaendelea kusonga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hukumaliza."

"Nilimaliza. Wamesema sikumaliza."

"Hayo ni mambo mawili. Lipi?"

Nikamweleza. Nilianza na bahari, akanikatisha. Alitaka upepo. Nikamweleza upepo, mzee, kadi, hema, mpaka ndizi. Alisikiliza mwiko ukiwa umesimama ndani ya sufuria.

"Ulipovuka huo mstari wao ulikuwa unatembea au unakimbia?"

"Nakimbia."

"Kula."

Nilikula. Nilidhani yameisha, lakini keshokutwa yake ilikuwa Jumamosi na jumuiya ilikuwa inasali kwetu, zamu ya nyumba ya mama. Aliipokea zamu hiyo tangu zamani akijua nitakuwepo, na medali itakuwepo. Nilitaka kuondoka mapema kwenda mjini. Akasema, "Ukiondoka, hilo nalo utakuwa umelianza tu."

Wakaja, wamejifunika mashuka kwa sababu ya baridi, wakajaa sebuleni mpaka mlangoni. Tukasali. Upepo ulikuwa unagonga bati juu yetu, tukawa tunapandisha sauti. Baada ya sala mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya soko, akanigeukia.

"Haya, mwanariadha wetu. Miguu tuliiombea. Medali iko wapi tuishike?"

Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Medali anayo mtu aliyekaa mgongoni kwake."

Mwenyekiti akakunja uso. "Mgongoni vipi?"

"Alimkuta mzee mwenye mvi kwenye upepo, na baiskeli yake inayong'aa, akamwita. Wakaja wenye mashindano wakasema huko ni makosa, hakuna kukatiana upepo. Yule mtu anajua, mwanangu hajui. Akamuuliza, akamficha. Yeye amepewa, amekaa anakula ndizi, mwanangu amenyang'anywa."

"Ngoja," akasema baba mmoja pale mlangoni. Huyu tulipanda naye kutoka Muze zamani, magoti yake sasa hayapandi kitu. Hakuwa amejali habari za kadi wala hema. Alinitazama mimi. "Ulimkatia umbali gani?"

"Mpaka kwenye hema lao. Upande wote wa upepo."

"Na yeye alishika lini?"

"Hakushika."

"Hakushika kabisa?"

"Nilimpa ishara. Akasema amechoka, niendelee tu."

"Hata hadi daraja?"

"Hakuna daraja kule. Lakini hata hadi daraja, hakushika."

Sebule ililipuka. Sijui niieleze vipi. Wamama waliosali kwa upole dakika chache nyuma walikuwa wanapiga mapaja. "Mtu mzima na mvi zake!" "Na baiskeli nzuri!" "Na ndizi anakula!" Mwenyekiti alisimama. Yule baba wa mlangoni alikuwa ametoa hukumu yake tayari, kwa neno moja, na akalirudia akiwa anatikisa kichwa: "Kupe. Kupe. Wamemvisha kupe medali."

Mama alikaa kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka, anawatazama watu wake mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza tena kama nilimaliza. Hilo lilikuwa limepita. Walikwisha kulichukua kama jambo linalojulikana, wakahamia kwenye kosa lenyewe, na kosa halikuwa langu.

Walipotoka, mama alisimama dirishani, akanionyesha kwa kidevu ule msingi wenye mbuzi. Nilijua anachosema.

Nilitoka nikawafukuza mbuzi, nikaketi kwenye jiwe la kona, upepo usoni. Nilipaswa kuwa nimepoa. Watu wangu walikuwa wamenihukumia haki, tena kwa sauti. Lakini nawaambia ukweli, niliketi pale nikiishika shingo yangu mahali utepe uliponasa, na nilikuwa bado naitaka medali yangu.